Mwenye panga tayari ana kitanzi: jibu kwa mwenye duka wa Kisauni

Swali: "Wakili, assalaam alaykum. Nina duka la jumla Kisauni, Mombasa, huu ni mwaka wa kumi na moja. Mwezi uliopita, baada ya magharibi, vijana kama kumi na tano walipita mtaani kwetu na mapanga. Walikata watu watatu, mmoja akafariki, wakabeba simu na pesa za maduka sita, langu likiwamo. Polisi walikamata wanne. Wiki tatu baadaye wawili nikawaona maskani kwao wanacheza drafti. Kwenye mazishi ya jirani yetu mheshimiwa mmoja alisema italetwa Bungeni sheria kali zaidi ya kumaliza magenge, na sote tukapiga makofi. Usiku nikajiuliza: kwani sheria haipo? Na mbona akina Akasha, wale walanguzi wa dawa za kulevya, walipopelekwa Marekani mambo yaliisha mara moja? Tukaze sheria kama za Marekani na Italia, tuwanyime dhamana kabisa?"

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu, na poleni kwa msiba.

Lile lililokujia usiku ndilo la kujibu kwanza. Sheria ipo, tena ni kali kuliko anavyodhani mheshimiwa wenu. Kifungu cha 296(2) cha Sheria ya Adhabu kinasema anayeiba akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake hata mmoja, au akampiga mtu wakati wa kuiba, hukumu yake ni kifo. Yule kijana aliyeingia dukani kwako na panga alikuwa na kitanzi shingoni, kwa maandishi ya sheria, kabla hajavuka kizingiti. Ni kweli Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na wengi waliohukumiwa kifo wamebadilishiwa ikawa kifungo cha maisha. Sasa nani anayekitamani kifungo cha maisha? Mheshimiwa akipata adhabu nzito kuliko hiyo, nitakwenda mwenyewe kuketi Bungeni niisikilize.

Kijana wa maskani hapigi hesabu ya miaka atakayofungwa. Anapiga hesabu ya kushikwa au kutoshikwa na, akishikwa, kama kuna mtu atakayethubutu kuja kumnyooshea kidole. Hesabu hiyo anaijua vizuri kunishinda mimi niliyeisomea.

Kuhusu wale wawili wa drafti, usikate tamaa mapema. Ibara ya 49 ya Katiba inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti yanayofaa, isipokuwa pakiwa na sababu nzito ya kumnyima. Kuwa nje kwa dhamana si kuachiliwa, kesi bado ipo. Hofu kwamba mshtakiwa atawasumbua mashahidi ni sababu nzito inayokubalika, ila lazima mtu ailete mbele ya hakimu kwa kiapo, na kwa mambo yanayoshikika: fulani alipigiwa simu siku fulani, fulani alifuatwa hadi mlangoni. Mara nyingi mpelelezi huandika mstari mmoja, "washtakiwa ni hatari kwa jamii", na hakimu humjibu kwamba hayo ni maoni yake. Halafu kuna suala la umri. Walio chini ya miaka 18 hushughulikiwa kwa Sheria ya Watoto ya 2022, na mtoto hafungwi jela. Wengi wa vijana wa panga ninaowaona kizimbani ndiyo kwanza sauti inavunjika. Aliyewatuma ana ndevu, na hayumo kwenye hati ya mashtaka.

Nikueleze kesi hizi zinavyokufa, maana nimeziona zikifa. Kabla sijahamia utetezi nilikuwa upande wa mashtaka. Katika kesi moja shahidi wetu mkuu alikuwa mama muuza mahamri. Kibanda chake kilikuwa na taa, na chini ya taa hiyo alimwona aliyemkata kijana wa bodaboda. Maelezo aliyoandikisha polisi yalikuwa kurasa nne: rangi ya shati, kovu la kidevuni, mkono uliokuwa na panga. Kwenye gwaride la utambulisho alikwenda moja kwa moja akamgusa mtu wake begani.

Siku ya kusikilizwa tuliketi ukumbini tukisubiri kuitwa. Jengo lile halikuwa na chumba cha mashahidi, kwa hivyo mashahidi na jamaa za washtakiwa walikaa kwenye benchi moja la mbao. Akaja kijana wa kanzu safi, nywele amechana, akaketi karibu na yule mama. Akamwamkia, "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba. Kijana akamuulizia hali ya binti yake wa darasa la sita, akaitaja shule yake kwa jina, akasema siku hizi njia ile ya nyuma ya shule haina watu alasiri. Akanyanyuka akaenda kununua maji.

Mama alipopanda kizimbani alisema taa ilikuwa imezimika. Nilimsomea maelezo yake mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa taabani, akasema, "Mwanangu, usiku ule ulikuwa giza." Kesi ikaishia hapo.

Nilitaka kijana wa kanzu akamatwe. Nikajiuliza nitaandika nini kwenye hati ya mashtaka. Kwamba alitoa shikamoo? Kwamba aliulizia afya ya mtoto? Hakutisha kwa neno hata moja. Kilichotisha ni kule kujulikana kwake kwamba ni wa wale.

Hapo ndipo ninapokubaliana na mheshimiwa wenu nusu ya njia. Sheria inahitaji kutiwa nguvu, lakini nguvu yenyewe ilenge lile benchi.

Tazama tuliyo nayo. Tuna Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa, ya 2010. Inalitambua genge kuwa ni watu watatu au zaidi waliojipanga ili watende makosa mazito, karibu sawa na ufafanuzi wa mkataba wa Umoja wa Mataifa uliotiwa saini mjini Palermo Desemba 2000. Kuwa mwanachama peke yake kunaweza kukupeleka ndani hadi miaka 15. Si sheria mbaya. Ila tulipoanza kuitumia tukapenda zaidi kutangaza orodha. Oktoba 2010 Gazeti Rasmi la Serikali lilipiga marufuku makundi 33 kwa majina. Mwishoni mwa 2016 ikaja orodha nyingine ya makundi karibu 90, na majina kama Wakali Kwanza mnayajua hapo Kisauni bila kusomewa gazeti. Genge likipigwa marufuku kwa jina, gharama yake ni kopo moja la rangi ya kuandika jina jipya ukutani. Mwendesha mashtaka naye anabaki anahangaika kuthibitisha kwamba mshtakiwa ni wa kundi lililotajwa, badala ya kuthibitisha kundi hilo linafanya nini.

Orodha ina ubaya mwingine. Katika ile ya kwanza, pamoja na genge la Mungiki, lilitiwa pia kundi la MRC (Mombasa Republican Council) lililokuwa likipigia debe kujitenga kwa Pwani. Unaweza kuwa ulikasirishwa na siasa zao au ulizipenda, hilo ni lako. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliiondoa marufuku hiyo kwa kuwa ilivunja Katiba. Kalamu ya waziri ikitosha kumfanya mtu mhalifu, leo itaandika jina la wakata mapanga, kesho itaandika jina la wanaodai ardhi.

Sasa Italia, kwa kuwa umeitaja. Watu husema "sheria za Italia" wakidhani ni vifungo virefu. Mwaka 1980 mbunge mmoja wa Sisilia, Pio La Torre, mtoto wa wakulima maskini wa Palermo, alipeleka mswada wenye mambo mawili. Moja, kuwa katika kundi la mafia kuwe kosa lenyewe, hata kama hukushikwa na bunduki. La pili, serikali iweze kufuata mali za watu wa mafia na kuzitwaa. Mswada ukakaa. Tarehe 30 Aprili 1982 La Torre akauawa kwa risasi ndani ya gari pamoja na dereva wake. Mswada ukaendelea kukaa. Tarehe 3 Septemba akauawa Jenerali Carlo Alberto dalla Chiesa, aliyekuwa amepelekwa Palermo kupambana na mafia, pamoja na mkewe. Siku kumi baadaye sheria ikapita. Bunge lililoukalia mswada kwa zaidi ya miaka miwili lilimaliza kazi ndani ya siku kumi, baada ya majeneza.

Kifungu chenyewe, 416-bis, ndicho ninachotaka ukione kwa karibu. Kinasema kundi ni la kimafia pale wanachama wake wanapotumia nguvu ya kutisha itokanayo na kundi lenyewe, pamoja na hali ya watu kutii na kunyamaza inayoletwa na nguvu hiyo, ili watende makosa au washike biashara na kandarasi za eneo. Kisome tena ukilikumbuka lile benchi. Aliyekiandika alikuwa anamjua kijana wa kanzu safi. Chini ya kifungu hicho ukimya wa mtaa mzima haumalizi kesi, unakuwa sehemu ya ushahidi. Mwenye duka anayetoa mia mbili kila Ijumaa bila kuombwa, kwa sababu anayekuja kusimama mlangoni anajulikana ni wa akina nani, anathibitisha kosa kwa kule kutoa kwake.

Kifungu peke yake hakikumfunga mtu. Ilibidi mahakimu wapelelezi wa Palermo, akiwamo Giovanni Falcone na Paolo Borsellino, wakae na hundi za benki na vitabu vya hesabu mpaka macho yawaume, wakifuata pesa kutoka mkono hadi mkono. Ikabidi mtu wa ndani, Tommaso Buscetta, aamue mwaka 1984 kumsimulia Falcone jinsi nyumba ilivyojengwa: nani yuko juu, nani anaamuru kuua. Kesi kubwa ilifunguliwa Februari 1986 katika ukumbi wa zege uliojengwa ubavuni mwa gereza la Ucciardone kwa ajili hiyo tu, na Desemba 1987 watu zaidi ya 300 wakatiwa hatiani. Januari 1992 mahakama ya mwisho ikazithibitisha hukumu. Mei mwaka huohuo Falcone akalipuliwa barabarani pamoja na mkewe na walinzi watatu. Julai, Borsellino na walinzi watano. Sikutajii hayo ili nikutishe, ila mtu akisema "tuige Italia" ajue anaagiza nini.

Jambo moja la huko ninalipenda kuliko yote. Mwaka 1996, baada ya wananchi kukusanya sahihi milioni moja, ilipitishwa sheria kwamba mali zilizotwaliwa zirudishwe kwa jamii zitumike. Leo kuna mashamba yaliyokuwa ya mabwana wa mafia wa Corleone yanayolimwa na vyama vya ushirika vya vijana, ngano inasagwa na kuuzwa ikiwa tambi. Mtaa unapita kila siku mbele ya nyumba ya mtu aliyekuwa hatajwi jina, unaona ubao wa chama cha ushirika. Hebu fikiria jumba fulani la Nyali likigeuzwa chuo cha ufundi. Sitalitaja, ila wewe umeshalipata.

Tuje kwa akina Akasha. Kwanza tusahihishe hilo la "mara moja". Baktash na Ibrahim, wana wa yule mzee Ibrahim Akasha aliyepigwa risasi Amsterdam mwaka 2000, walikamatwa hapa Mombasa Novemba 2014. Kesi ya kuwapeleka Marekani ilipigwa tarehe zaidi ya miaka miwili, na walipochukuliwa Januari 2017 ilikuwa bado haijamalizika mahakamani. Walikiri makosa Oktoba 2018. Baktash alihukumiwa Agosti 2019 miaka 25, mdogo wake Januari 2020 miaka 23. Ukihesabu ni zaidi ya miaka mitano.

Halafu linganisha adhabu. Sheria yetu ya dawa za kulevya, ya 1994, iliandika kifungo cha maisha kwa mlanguzi, na faini ya shilingi milioni moja au zaidi juu yake. Kule tunakodhani kuna sheria kali, Baktash alipata 25. Kwa karatasi sisi ndio wakali! Waliloshinda nalo Wamarekani lilikuwa jingine. Waliwatuma watu waliojifanya wanunuzi, mazungumzo yakarekodiwa, wakakabidhiwa kilo 99 za heroini na kilo mbili za barafu, hii wanayoiita methamphetamine. Mwenzao wa biashara alikiri na kushirikiana na waendesha mashtaka. Na kule New York hapakuwa na mtu wa kumpelekea bahasha. Ndugu hao walikiri kwamba hapa Kenya walikuwa wakiwahonga mahakimu, waendesha mashtaka na polisi ili mambo yao yachelewe au yafe. Kwa hivyo ukiniuliza ni sheria ipi ya Marekani tuilete, nitakujibu kwamba kilichokosekana Mombasa hakikuwa kifungu. Kuna waliokingiwa kifua, na waliowakingia hawajaguswa.

Ukaniuliza tuwanyime dhamana kabisa. Naielewa hasira yako. Lakini tuna majirani waliojaribu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi na Uhalifu wa Kupangwa ya 1984, iliyozaliwa na ile kampeni ya Waziri Mkuu Sokoine ya 1983 dhidi ya walanguzi wa bidhaa, siku ambazo watu walikuwa wakitupa sabuni na khanga usiku ili wasikutwe nazo. Kwa miaka mingi shtaka la kutakatisha fedha huko lilikuwa halina dhamana. Mwaka 2019 lilimwangukia mwandishi wa habari, Erick Kabendera. Alishtakiwa kwa kushiriki genge la uhalifu, kukwepa kodi na kutakatisha fedha. Kesi ikaahirishwa tena na tena, upelelezi haujakamilika, naye yuko ndani. Mama yake akafariki siku ya mwisho ya mwaka ule na mahakama haikumruhusu kwenda kumzika. Februari 2020 alitoka kwa makubaliano ya kukiri na kulipa mamilioni ya shilingi, na lile shtaka la genge likaondolewa. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya walanguzi ilikuwa imefika kwa mtu mwenye kalamu. Ukinyima dhamana kwa kutaja tu jina la kosa, anayechagua jina la kosa ndiye anayekuwa hakimu.

Kuna wanaotaka njia fupi zaidi ya hiyo, nao hata mazishini huwa hawakosekani: wapigwe risasi wote. Nchi hii ilishaijaribu. Kati ya 2007 na 2009, katika msako wa Mungiki, mamia ya vijana walipotea au wakaokotwa maporini wamekufa. Machi 2009 watetezi wawili wa haki waliokuwa wakikusanya habari za vifo hivyo, Oscar King'ara na John Paul Oulu, walipigwa risasi ndani ya gari lao Nairobi, karibu na mabweni ya Chuo Kikuu. Mwaka uliofuata ndipo Bunge likatunga ile sheria ya 2010, na Mungiki ikiwa ya kutajwa orodhani. Maelfu ya risasi hazikuwa zimeimaliza.

Basi mimi ningetaka nini, ningekuwa na sikio la mheshimiwa? Ningetaka ile sheria ya 2010 iongezwe maneno ya kutambua hofu: kwamba kumtumia mtu sifa ya kundi ili atoe pesa, ahame, au anyamaze, ni kosa, hata kama hakuna tishio lililotamkwa. Mawakili wa utetezi, nikiwamo mimi siku hizi, tutapiga kelele kwamba maneno hayo ni mapana. Ni kweli ni mapana, ndiyo maana yanahitaji kuandikwa na mtu anayejua kazi, na hofu ithibitishwe kwa mashahidi zaidi ya mmoja.

Ningetaka ushahidi wa mtu kama yule mama uchukuliwe mapema, mbele ya hakimu, wakili wa mshtakiwa akiwapo amhoji, urekodiwe kwa video, ndani ya wiki chache baada ya tukio. Ukishachukuliwa, hakuna faida tena ya kumfuata hadi shuleni kwa mwanawe. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi tangu 2006, na inaruhusu mengi: kusikilizwa faraghani, jina la kubuni, pazia. Lakini ulinzi ambao watu wanaujua ni ule wa kuhamishwa, na muuza mahamri wa Kisauni ukimhamishia mji asiojua mtu utakuwa umemlinda na kumfilisi kwa pamoja. Kuna mambo madogo yanayosaidia zaidi ya hayo. Mlango wa pili wa kuingilia mahakamani. Chumba chenye kufuli. Mtu wa kumrudisha shahidi nyumbani kwa gari siku ya kesi. Hayo hayapigiwi makofi mazishini kwa sababu yanaitwa bajeti.

Ningetaka pia watu wa ndani wapewe njia ya kutoka. Makubaliano ya kukiri yamo katika sheria zetu tangu 2008, ila mara nyingi hutumika kupunguza mzigo wa kesi ndogondogo. Kijana wa miaka 19 anayejua nani huwapa mapanga na nani huwaita wakati wa kampeni ana thamani kubwa kuliko kifungo chake. Hapo ndipo wanasiasa wetu huwa na kikohozi, kwa sababu vijana wanaokatwakatwa kwa maneno mazishini ndio haohao waliokuwa wakibeba mabango mwaka wa uchaguzi.

Na pesa. Niulize simu yako ilikwenda wapi. Maduka sita, wateja waliokuwamo, tuseme simu ishirini usiku mmoja. Mtoto wa miaka 17 hauzi simu ishirini. Anamfikishia mtu mzima mwenye kibanda, kompyuta na waya, anayeziflashi na kuzisafirisha nje ya kaunti kabla hakujakucha. Kupokea mali ya wizi ni hadi miaka 14, kifungu cha 322, na sijui mara ya mwisho nilipomwona mwenye kibanda kizimbani pamoja na wenye mapanga. Huyo ana akaunti, ana laini za M-Pesa, ana gari. Tangu sheria ya 2009 ya mapato ya uhalifu, serikali inaweza kwenda Mahakama Kuu ikaomba mali izuiwe, na baadaye itwaliwe, hata bila ya mwenyewe kupatikana na hatia, ikionyesha tu kwamba yaelekea zaidi ilitokana na uhalifu. Kesi zilizovuma za namna hiyo nyingi zimehusu pesa za umma zilizoibwa Nairobi. Hakuna kinachozuia zishuke hadi kibanda cha simu na pikipiki nane zinazomilikiwa na mtu asiye na kazi inayojulikana.

Sasa wewe, kwa kesi yako. Nenda kituoni uulize kesi ilisajiliwa kwa nambari gani mahakamani na itatajwa lini, uandikishe kwamba unataka kusikilizwa. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inakupa haki ya kuelezwa kinachoendelea na kutoa maoni yako kwenye suala la dhamana. Usiende peke yako. Maduka sita yakienda na wenyewe sita, hakuna wa kunyooshewa kidole kuwa ndiye aliyesema. Kama kuna yeyote aliyefuatwa au kupigiwa simu tangu siku ile, aandike tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, hata kama maneno yenyewe ni salamu tu, na karatasi hiyo impelekee mwendesha mashtaka, si mpelelezi peke yake. Dhamana huweza kufutwa kwa karatasi kama hiyo.

Nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, ipige picha, maana karatasi za dukani huliwa na mende. Na ukitafuta chini ya kaunta ukalipata boksi la ile simu, IMEI, nambari ya utambulisho wa simu, imeandikwa ubavuni, tarakimu 15. Waambie na wenzako watano watafute yao. Zipelekeni zote pamoja kesho asubuhi, ziandikwe kwenye faili moja, mpelelezi aulize kampuni za simu ni laini zipi zimeingizwa humo tangu siku ile, na zimesajiliwa kwa jina la nani.